Betri ya Darini

Jumapili, Machi 9

Mimi ni mtu wa bahati. Naliandika mapema ili atakayesoma asipate taabu ya kugundua mwenyewe. Kuanzia huku juu Machame mpaka Bomang'ombe, nionyesheni mwingine aliyepanda mlima na wageni wa nchi ambazo hata mwalimu wa jiografia hakuzijua, akawapikia uji kwenye baridi ya kugandisha mate, akashuka na vidole vyake vyote. Dar nimeishi. Mombasa nimefika. Lusaka nilikaa mwezi mzima kwa sababu ya lori lililokufa, nikarudi najua kutukana Kinyanja. Shule niliachia kidato cha pili, mengine nimefundishwa na dunia, na dunia haina likizo.

Jana bahati ikanifuata tena. Nilishuka Moshi mjini kwa Sadallah, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, kutafuta chaja. Nikakuta gunia la betri za laptop. Akaniambia, kama anavyomwita kila Mchagga, "Mangi, wewe umezaliwa na nyota. Hizi nilimwekea mtu wa Arusha, zote nzima, ila kwa kuwa umetangulia chukua wewe." Nikachukua.

Ndani ya betri ya laptop mna vidude vinene kama vidole, vinaitwa seli. Ukiunganisha nyingi unapata betri ya nyumba nzima. Umeme ukikatika, na masika unakatika hata mbuzi akipiga chafya, wewe unawasha taa na kuwatazama majirani wanavyogombania mshumaa. Paneli ya sola ninayo, ya zamani, niliachiwa na kampuni ya wapanda mlima ilipofilisika. Nimetazama video mpaka bando likaisha.

Mke wangu Yuditha amefungua gunia akauliza, "Baba Brenda, hii ndiyo chaja uliyofuata?"

Nabii hakubaliki kwao. Imeandikwa.

Machi 12

Nimepasua betri kwa bisibisi. Nimejikata. Nimeendelea.

Machi 15

Kupima seli. Unaijaza chaji, unaiacha ipumzike, halafu unapima kwa mita uone kama imeshika. Sadallah alinipigia simu mwenyewe.

"Zinazopata joto zimekufa, tupa. Umenisikia? Usizihurumie kama kuku wa mkweo."

"Zote baridi, Shehe. Kama maji ya mtoni."

Si kweli sana. Kuna chache zilikuwa vuguvugu. Lakini huku kwetu asubuhi kila kitu ni baridi, pamoja na salamu za mke. Kitu kikiwa vuguvugu nakihesabu kuwa na afya.

Machi 20

Mvua kubwa ya kwanza. Mgomba mmoja umelala chini na mkungu wake. Sanduku limekamilika, nimelitengeneza kwa mbao za mti wa mruka zilizobaki kwenye kitanda cha binti yetu Brenda. Ndani seli zimejipanga kama waumini, na juu yake bodi ya ulinzi niliyouziwa na Sadallah. Hiyo bodi ni kama mlinzi wa getini: chaji ikizidi inakata, ikipungua mno inakata, moto ukipanda inakata.

Machi 23

Umeme umekatika wakati tumetoka kanisani. Nimewasha. Taa zote, redio, hata ile taa ya nje ambayo kwa kweli haina kazi mchana. Jirani yangu Eliona, mzee wa kahawa mwenye ulimi wa wembe, akasimama getini.

"Anaeli, umeiba wapi huo umeme?"

"Nimeutengeneza, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ukikuua, hiyo redio niachie mimi."

Nimecheka mpaka sasa. Ndivyo anavyosifu.

Machi 27

Sanduku limeanza kutoa harufu ya pipi iliyoungua. Kidogo tu. Yuditha aliweka mkono juu yake akauondoa haraka.

"Baba Brenda, lina homa."

"Ndiyo linafanya kazi. Hata wewe ukilima unapata joto."

"Mimi nikilima silipuki. Mimi na hilo sanduku, mmoja alale nje."

Nilifikiri kidogo. Nisikudanganye, nilifikiri.

Machi 29

Leo nimefanya tendo jema, ndiyo maana naandika kwa wino mweusi uliobaki.

Jirani yangu wa upande wa juu ni Mama Mdogo Aikaeli, mjane wa baba yangu mdogo. Kihamba chake na changu, shamba hili la migomba la ukoo, kilikuwa kimoja, babu akakigawa, kati yetu ni mstari wa mimea ya masale tu. Mtoto wake Davis yuko Rau, mjini, ana nyumba yenye vigae na geti linalolia. Mama Mdogo hataki kwenda. Anasema kule chini usingizi unatoka jasho. Anaishi peke yake na ng'ombe mmoja, mbuzi, na ulimi mzuri.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mama Mdogo. Nimekuletea umeme usiokatika."

"Marahaba, mwanangu. Unakula nini huo?"

"Jua."

"Masika hii? Basi utakufa njaa."

Nikamweleza kwamba siku za mawingu nitavuta waya kutoka kwangu, chaja yangu italilisha sanduku umeme ukiwepo. Waya umepita katikati ya masale, huuoni. Nikafunga taa moja jikoni kwake na sehemu ya kuchaji simu.

Sanduku limekaa darini, juu ya mafiga. Nimelipanga kwa akili. Sadallah alisema weka pakavu, pasipo na joto. Masika huku juu hata ukuta unatoka jasho, viatu vinaota ukungu miguuni. Sehemu kavu ni moja tu, na mama zetu wameijua toka enzi: dari ya jikoni, juu ya moto. Mbegu za mahindi ziko huko, maharage yako huko, kuni ziko huko, mwamvuli wa Mama Mdogo uko huko, na havijawahi kuoza. Mambo ya joto sikuyatilia maanani. Joto la jiko letu ni la kubembeleza, halichomi hata mende.

Taa ilipowaka Mama Mdogo alikaa kwenye kigoda akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni kama atakula. Halafu akasema, "Aika, asante, mwanangu. Sasa nitaona kunguni wangu wote kwa majina."

Sijajisikia vizuri hivi tangu Brenda azaliwe.

Aprili 2

Jiko la Mama Mdogo limekuwa stendi. Watu wanakuja kuchaji simu, anawapa uji, anawauliza habari za ukoo. Wanapopita kwangu wananisalimia kwa jina kamili.

Aprili 6

Aibu. Jikoni pamejaa watu, redio inasoma matangazo ya vifo, na bodi inakata. Naiwasha, inakata. Eliona akakohoa.

"Anaeli, umeme wako una kwikwi. Uupe maji."

Kicheko chao kilinifuata hadi kitandani.

Aprili 8

Nimeiruka bodi. Nimeunganisha waya moja kwa moja, betri na taa zinaonana uso kwa uso bila mlinzi wa getini. Haijakata tena. Bodi ile kazi yake ilikuwa uoga tu.

Sikumwambia Sadallah. Fundi mkubwa haombi ruhusa.

Aprili 10

Mvua.

Aprili 13, Jumapili ya Matawi

Mama mmoja kanisani amesema kwa sauti, "Huyu Anaeli angesoma, tungekuwa tumefika mwezini." Nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nasali.

Aprili 17

Leo jiko la Mama Mdogo limeungua. Mtu hakufa. Siandiki zaidi.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Jana umeme ulikatika asubuhi ukarudi mchana. Mimi nilikuwa chini kwenye migomba nikikata majani makavu. Mvua nyepesi, ile isiyolowesha ila inakera. Mama Mdogo alikuwa ameshuka mtoni kukata majani ya ng'ombe.

Kwanza nilisikia kama bisi zinakaangwa. Nikasema moyoni, nani anakaanga bisi? Kisha moshi, si ule mweupe wa jikoni, huu ulikuwa mzito na una ladha, unakaa kwenye meno. Nilipofika, dari ilikuwa imeshika. Kuni kavu, maharage, mbegu, vyote vilivyohifadhiwa visioze vilikuwa vimehifadhiwa vizuri mno.

Mama Mdogo alikuja anakimbia na mzigo wa majani bado kichwani. Hakuutupa. Alikimbia nao mpaka zizini, ndipo ukaanguka. Zizi limeshikana na jiko. Aliingia, akamfungua ng'ombe, akashika kitasa cha mlango kilichokuwa moto. Nyama ya kiganja imebaki pale. Ng'ombe alitoka. Mbuzi jike, aliyekuwa karibu kuzaa, hakutoka. Sauti yake sitaiandika.

Watu walikuja na ndoo. Eliona, na uzee wake, alibeba maji kutoka mfereji mpaka akakaa chini. Jiko liliisha. Moto ulipita kwenye masale ukala na safu ya kahawa yangu, si kitu.

Baada ya moto kulala, Eliona akanigeukia. Hakuwa anatania.

"Na ile betri yako?"

Nikasema, "Niliitoa leo alfajiri, Mama Mdogo alipokuwa kwenye maombi. Nimempelekea Sadallah aitazame."

Mdomo ulisema wenyewe. Mimi nilikuwa nausikiliza kama wengine.

Eliona akatazama mafiga. Wote wakatazama mafiga. Kila mtu huku anajua jinsi mama zetu wanavyolaza moto: hauzimwi, unafunikwa kwa majivu ili baadaye uupulize uamke.

Mama Mdogo alikuwa ameshikilia mkono wake kama kifaranga. Akasema, "Nilifunika. Nilifunika kwa majivu, nikaondoa kuni." Akatazama watu mmoja mmoja. "Nilifunika, si ndiyo? Au hiyo ilikuwa jana?"

Watu wakaanza kuokota ndoo zao. Na mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Aprili 20, Pasaka

Davis amekuja kutoka Rau na gari. Jana alimpeleka mama yake hospitali, mkono umefungwa bandeji kama mkate. Baada ya ibada ukoo umekaa kwangu, kwa kuwa kwake hakuna pa kukaa pasiponuka moshi.

Davis si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya.

"Mama, safari hii ni jiko. Safari nyingine ni nyumba, na wewe umo ndani."

"Sijawahi kusahau moto, Davis."

"Mama, mzee husahau na hajui amesahau. Ndio usahaulifu wenyewe."

Nilitaka Mama Mdogo amkaripie. Ulimi ule uliowahi kumfukuza bwana shamba! Lakini aliitazama bandeji, akasema taratibu, "Basi kama nimesahau moto, nimesahau nini kingine ambacho hakijawaka bado?"

Imeamuliwa. Jumamosi ya tarehe tatu Mei Davis anakuja kumchukua, akaishi Rau moja kwa moja. Ng'ombe atauzwa. Kihamba nitakiangalia mimi, maana, kwa maneno ya Davis, "kaka Anaeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye moto." Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Yuditha alipika kiburu, ndizi na maharage. Sikula. Yeye alinitazama nisivyokula.

Aprili 22

Mvua. Nimepita jikoni kwa Mama Mdogo, yaani palipokuwa jiko. Majivu yamekuwa uji.

Aprili 24

Niandike niliyoyaruka, maana yananiamsha.

Siku ya moto, nilipofika, nilikuwa na ndoo mkononi. Mfereji ulikuwa palepale. Lakini kwanza niliweka ndoo chini, nikarudi kwangu mbio, nikachomoa chaja, nikavuta waya wote kutoka kwenye masale, nikaukunja, nikauficha chini ya gunia la pumba. Kuchomoa chaja kulikuwa na maana. Kukunja waya kulikuwa na maana kwangu tu. Niliukunja vizuri, kwa duara, kama fundi. Ndipo nikachukua ndoo. Mbuzi alikuwa bado analia wakati nakunja.

Na asubuhi ya Ijumaa Kuu, watu hawajaamka kwenda kanisani, niliingia kwenye majivu na fimbo. Seli zilikuwa zimepasuka, matumbo nje. Niliziokota moja moja nikazitupa chooni. Nilikuwa nimezipanga kama waumini.

Kwa hiyo Davis ana haki: nilikuwa wa kwanza kufika.

Aprili 26

Yuditha: "Sadallah amesemaje kuhusu betri?"

Mimi: "Bado anaitazama."

Yuditha: "Ina mengi ya kutazamwa."

Aprili 27

Mama Mdogo hawashi tena moto. Davis amemnunulia jiko la gesi, nalo hataki kuligusa. Yuditha anampelekea chakula. Leo nimekipeleka mimi.

Alikuwa amekaa mlangoni, amefunga uzi mwekundu kwenye kidole cha mkono mzima.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Anaeli, leo umekuja mara ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza, Mama."

"Nilijua. Nilitaka kuhakikisha." Akanionyesha uzi. "Huu ni wa kukumbuka kufunga mlango wa kuku. Nimeufunga mlango. Sasa nakaa hapa nautazama uzi, nawaza kama niliufunga uzi kabla au baada."

Nikajaribu utani wangu wa zamani. Nikamwambia hata mimi hukumbuka jina la mke wangu siku ya sikukuu tu. Zamani angenijibu neno la kunikalisha. Leo alitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chakula asichokipenda.

Anakumbuka kila kitu. Ananitajia majina ya ng'ombe waliokufa kabla sijazaliwa. Akili yake haina hata ufa. Mimi ndiye niliyemwambia ina shimo, naye, kwa kuwa ananiamini, anazunguka analitafuta.

Aprili 29

Nimekwenda mjini. Nimezunguka soko lote ili nisipite mbele ya kibanda cha Sadallah.

Mei Mosi

Redio inasherehekea wafanyakazi. Mimi nilikuwa nafunga banda la kuku nilipomwona Mama Mdogo anavuka mpaka. Amevaa gauni la kanisani, kilemba kipya, na kwenye mkono mzima ameshika jani la sale limefungwa fundo.

Nilitaka kukimbia. Mtu mzima, mwenye ndevu, nilitafuta kwa macho pa kukimbilia.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Sale ni jani la kuomba msamaha. Ukimkosea mtu, hata kama umemuua ndugu yake, unakata sale, unalifunga fundo, unampelekea. Na akiletewa, hakatai. Wazee hawakuacha nafasi ya kukataa. Nimewahi kuona watu waliokatana mapanga wakinywa mbege kibuyu kimoja kwa sababu ya jani lile. Na desturi ni mdogo kumpelekea mkubwa. Mkubwa akimletea mdogo, ujue anajiona amekosa mno.

Akasimama mbele yangu. Akalishika jani kwa mkono mmoja, ule wa bandeji akauegemeza chini yake, ili liwe la mikono miwili.

"Anaeli, mwanangu. Jumamosi naondoka. Siwezi kuondoka na deni hili. Uliniletea mwanga, ukaniletea watu nyumbani, mimi kwa uzee wangu nikawasha moto ukala kahawa yako. Ungeiacha betri yako darini, ingeungua nayo. Mungu alikuongoza ukaitoa. Nisamehe."

"Mama Mdogo, hakuna..."

"Pokea kwanza. Utasema baadaye."

Akalisukuma mbele kama mtu anayekabidhi gunia la kahawa. Jani! Nikalipokea. Ningefanyaje? Sale halikataliwi. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ile kauli inayosemwa, kwamba yameisha.

Alishusha pumzi. Akageuka, akarudi kwake, anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Nikabaki mimi nao.

Mei 2

Jani nililiweka juu ya kabati. Yuditha amelikuta.

"Nani ameleta?"

"Mama Mdogo."

"Ukalipokea."

"Halikataliwi."

Akakaa kitandani. Hakupiga kelele. Yuditha akiwa hapigi kelele ndiyo unatakiwa kuogopa.

"Baba Brenda, nilikuona unapita na waya siku ya moto. Nilikuwa dirishani natafuta ndoo. Nikasema, nitampa nafasi aseme mwenyewe. Pasaka nikasema leo atasema. Davis alipokushika mkono nikasema sasa hivi anasema. Nimekuuliza habari za Sadallah kukufungulia mlango, ukanifungia. Sasa umemruhusu mama wa watu akuombe msamaha wewe?"

Nililia. Naandika kwa kuwa kalamu haicheki. Nikachukua panga, nikatoka kwenda kwenye masale. Nikasema nami nitakata langu, nitalifunga fundo, nitampelekea sasa hivi, naye hatakataa, na yatakwisha.

Yuditha alinifuata mpaka kwenye mpaka.

"Rudisha panga."

"Nataka kuomba msamaha, mke wangu."

"Hutaki kuomba. Unataka kupewa. Ukimpelekea sale unamfunga mdomo. Atasamehe kwa sababu jani limemlazimisha, halafu ataingia kwenye gari la Davis bila kusema hata neno moja ambalo unastahili kulisikia. Nenda mikono mitupu. Aweze kukukataa."

Nimeshika panga muda mrefu. Kwenye mlima nimevuka sehemu ambazo ukikosea hatua unakutwa mwakani. Sikuwahi kuogopa vile.

Mei 3

Gari la Davis lilikuwa limeshajaa: godoro, sufuria, kuku kwenye kapu. Ng'ombe alikuwa bado zizini, mnunuzi anamtazama meno. Eliona amekuja kuaga, amevaa koti. Mama Mdogo amekaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mkoba mapajani, anatazama migomba yake kupitia kioo.

Nikasimama dirishani pake. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

"Mama Mdogo, shuka."

Davis akacheka. "Kaka, tumechelewa, utani wa kwaheri utafanya kwa simu."

"Mama Mdogo, moto si wako. Sikuitoa betri. Ilikuwa darini. Niliondoa bodi ya ulinzi kwa sababu watu walinicheka, na niliiweka juu ya mafiga yako kwa sababu Yuditha aliikataa nyumbani. Ililipuka. Nilichomoa waya nikauficha kabla sijamwaga maji. Masalia yake nimetupa chooni. Nimekuacha uamini umesahau."

Nilisema hivyo hivyo, mfululizo, kama mtoto anayesoma ubao.

Davis alishuka akanishika shati. Sikumzuia. Alisema maneno ambayo Lusaka sikuyajifunza. "Mkono wa mama yangu! Nimemnyang'anya mama yangu nyumba yake kwa uongo wako!" Alitaka kunipiga, na nilitaka anipige, ila Eliona aliingia kati na fimbo. Hakuwa ananitetea. Alisema, "Mwache. Mama yako hajasema."

Mama Mdogo alikuwa bado kwenye kiti. Aliniuliza swali moja.

"Kwa hiyo nilifunika?"

"Ulifunika, Mama. Niliyakuta mafiga asubuhi yake. Majivu yalikuwa yamelala palepale ulipoyalaza."

"Na kuni niliziondoa?"

"Uliziondoa."

Akafumba macho. Machozi yalitoka lakini uso ulikuwa unacheka, uso ule wa zamani, wenye ulimi nyuma yake. Akahangaika na mkanda kwa mkono mmoja. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Usiniguse," akasema.

Akafungua mwenyewe. Akashuka. Akaung'ata ule uzi mwekundu kwa meno, akaukata, akautema. Akamwambia mnunuzi, "Mwachie huyo ng'ombe mdomo wake, hauzwi." Akamwambia Davis, "Shusha godoro." Davis akaanza, "Lakini Mama, peke yako..." Akamkata, "Peke yangu na akili yangu. Tuko wawili."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimepiga magoti, sikumbuki nilipiga saa ngapi.

"Lile sale langu lirudishe. Nimeliombea kosa ambalo si langu."

Nikakimbia kwangu, nikalileta. Akalipokea, akalifungua fundo kwa meno na vidole, akalitupa kwenye majivu ya jiko.

"Sasa nisikilize. Msamaha sijakupa. Usije ukavuka mpaka ule na jani, maana ukija nalo itanibidi, na mimi sitaki kulazimishwa na jani. Utakuja na miti, na misumari, na mikono. Utanijengea jiko. Mbuzi utanilipa mbuzi. Na kila atakayekuja kuuliza jiko limeunguaje, utaacha nyundo, utashuka, utamweleza wewe mwenyewe, hapo mbele yangu. Siku nikichoka kukusikiliza, nitakuita."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Inuka. Unaniharibia majani."

Davis alirudi kwenye gari. Alipokuwa anashusha sufuria aliniuliza bila kunitazama, "Hayo matakataka uliyatoa wapi?" Nikasema kwa Sadallah. Akasema, "Basi nitamfuata huyo Sadallah nimfunge." Ikabidi niseme na lile lililobaki, na sasa naliandika hapa ili lisomwe pamoja na lile la kwanza.

Mimi si mtu wa bahati. Niliongopa. Hakukuwa na mtu wa Arusha. Gunia lile Sadallah alikuwa analitoa kwenda kulitupa, aliniambia waziwazi seli zimekufa na zitaunguza mtu, nami nikamsihi mpaka akachoka.